Wastani wa Mkoa na Maisha ya Kata: Utangulizi wa Tafiti za Afya ya Jamii

Mwaka 2002 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala iliyoihusu Tanzania moja kwa moja. Ripoti rasmi za wakati huo zilionyesha kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua wastani wa watu wasiozidi 11 kwa mwaka nchi nzima. Waandishi wa makala hiyo, Sarah Cleaveland na wenzake, hawakuanza kwa kuhesabu vifo vilivyoripotiwa. Walianza na watu walioumwa: wangapi wameng'atwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, wameng'atwa sehemu gani ya mwili, wangapi wamewahi chanjo. Kutokana na majibu hayo wakakadiria vifo, na jumla yao ikakaribia 1,500 kwa mwaka. Hesabu hiyo inaizidi ile ya ofisini zaidi ya mara mia moja.

Vifo hivyo vyote vilikuwa wapi? Vingi vilikuwa nyumbani. Mgonjwa wa kichaa cha mbwa akishaanza kuogopa maji hana tena tiba, na ndugu wakiambiwa hivyo humbeba wakamrudisha kijijini. Wapo wasiofika hospitali kabisa. Wapo pia wanaofika wakaandikwa malaria iliyopanda kichwani, kwa kuwa dalili zinafanana, na jeraha lenyewe lilishapona wiki nyingi zilizopita. Vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), ambavyo kila zahanati yetu inavijaza, vinaandika aliyepita mlangoni na kile alichoonekana kuugua. Aliyefia nyumbani hayumo, na hakuna mwuguzi wa kulaumiwa kwa hilo.

Somo ninalokukaribisha linaanzia hapo, kwenye tofauti kati ya kinachoonekana kituoni na kinachotokea kwenye kaya. Linauliza jinsi tunavyopata picha ya afya ya watu wote, wagonjwa na wazima, waliokuja na wasiokuja, na jinsi picha hiyo inavyofika, au inavyoshindwa kufika, kwenye bajeti, sheria, ratiba ya chanjo na kazi ya kila siku ya mhudumu wa afya. Nimechagua kulieleza kwa mifano ya wilaya mbili za Mkoa wa Mara, Tarime na Serengeti. Wilaya hizi zimechunguzwa vya kutosha kuonyesha nguvu ya takwimu, na zina mambo ya kutosha yanayoonyesha mahali takwimu hizo zinapokwama.

Tumalize kwanza habari ya mbwa, kwa sababu ni mfano safi kuliko yote ninayoijua. Kati ya mwaka 2002 na 2006 watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walianzia kwenye kumbukumbu za hospitali na ofisi za mifugo, kisha wakaenda hadi kwenye mji wa aliyeumwa na kuketi naye. Mbwa alikuwa wa nani? Alitokea upande gani? Kabla ya kuuawa alimuuma nani mwingine, mtu au mnyama? Na yule mbwa wa jirani aliyeumwa naye yuko wapi sasa? Jibu moja liliwapeleka kwenye mji wa pili, la pili kwenye mji wa tatu, mpaka mlolongo wa maambukizi ukaonekana wazi, mbwa kwa mbwa. Matokeo, ambayo Katie Hampson na wenzake waliyachapisha mwaka 2009, yalionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ziada kidogo tu. Ugonjwa unaotisha namna ile kumbe unaenea kwa nguvu ndogo, na kuchanja mbwa 7 kati ya 10 kunatosha kuukata.

Swali jingine lilikuwa zito zaidi kwa watunga sera. Serengeti ni hifadhi, na ilidhaniwa huenda wanyamapori ndio wanaoutunza ugonjwa. Kama ndivyo, kuchanja mbwa wa vijijini kungekuwa kupoteza fedha. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaouendeleza. Chanjo za mbwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi zikapata hoja isiyopingika. Hesabu za Tanzania zikaingia kwenye makadirio ya dunia, na mwaka 2015 mashirika ya kimataifa yakaweka lengo la kutokuwa na kifo cha binadamu kitokanacho na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Hapa nchini ugonjwa huu umewekwa miongoni mwa magonjwa sita ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama.

Angalia kilichofanya takwimu hii ikubalike. Ilipimwa Serengeti na ikatumika Serengeti kabla ya kusafiri kwingine. Aliyeamua wapi pa kupeleka chanjo alikuwa na taarifa za eneo lilelile alilokuwa akiliamulia. Bahati hiyo ni adimu mno katika fani hii, na kukosekana kwake ndiko kiini cha mambo mengi nitakayoyaeleza.

Chukua sasa utafiti mkubwa kuliko yote tulio nao, Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Wa kwanza ulifanyika 1991/92, wa karibuni zaidi 2022. Katika ule wa 2022 yalichaguliwa maeneo ya kuhesabia watu 629 nchi nzima, na katika kila eneo kaya 26. Fanya hesabu: kwa mikoa 31, wastani ni maeneo 20 na kitu kwa mkoa, yaani kaya zipatazo 530. Mkoa wa Mara una wilaya sita na halmashauri tisa. Ukizigawia halmashauri hizo maeneo 20, Serengeti inaweza kupata mawili au matatu. Kijiji kimoja cha upande wa Natta, kingine cha upande wa Ring'wani, labda na mtaa mmoja wa Mugumu. Kwa maeneo hayo huwezi kusema lolote la uhakika juu ya wilaya nzima, na wataalamu waliouandaa utafiti wanasema hivyo bila kuficha: sampuli imepangwa ili iseme kuhusu mkoa.

Uamuzi lakini haufanywi mkoani. Tangu madaraka yapelekwe kwenye serikali za mitaa, mpango kabambe wa afya huandaliwa na halmashauri. Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake huketi na takwimu walizo nazo, hupanga, kisha hupeleka kwenye Baraza la Madiwani. Anayepanga yuko wilayani, na takwimu nzuri kuliko zote ni ya mkoa. Katika pengo hilo mengi hupotea.

Ukeketaji unaonyesha hasara yake kuliko jambo jingine lolote. Swali kuhusu ukeketaji liliulizwa katika utafiti wa mwaka 1996, ambapo asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamekeketwa. Mwaka 2004/05 na 2010 ikawa asilimia 15, mwaka 2015/16 asilimia 10, mwaka 2022 asilimia 8. Kwa Mkoa wa Mara mfululizo ni 44, 38, 40, 32, na 28. Nambari hizi zimefanya kazi kubwa. Zimeifanya Mara itajwe katika kila mkakati wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zimeleta wafadhili, zimewapa wanaharakati silaha ya kuzungumza nayo bungeni na redioni.

Sasa jiulize hiyo 28 ni ya nani. Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, wakazi wake wengi ni Waluo, ambao hawakeketi. Wajita wa Musoma na Bunda hawana desturi hiyo. Tarime kuna koo za Wakurya, na Serengeti kuna Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Wastani wa mkoa umewajumlisha wote hawa. Kwa hiyo asilimia 28 haielezi hali ya Rorya, ambako hofu ya binti wa miaka 12 ni nyingine kabisa, wala haielezi hali ya kata za Tarime ambako karibu kila mama wa makamo amepitia kisu cha ngariba. Afisa anayeisoma kama hali ya wilaya yake atakosea, awe upande gani wa mkoa. Wa Tarime ataliona tatizo dogo kuliko lilivyo, na kupungua kutoka 32 hadi 28 kutamfanya aamini kwamba mambo yanakwenda vizuri kwake, wakati huenda kilichobadilika ni mgawanyo wa maeneo yaliyoangukia kwenye sampuli.

Kuna jambo la pili ambalo wanafunzi wangu huchelewa kuliona, nami nalirudia kila mwaka. Takwimu hii inahusu wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwanamke wa miaka 49 aliyehojiwa mwaka 2022, kama alikeketwa akiwa na miaka 13, alikeketwa katikati ya miaka ya 1980. Nambari inayoitwa ya 2022 kwa kweli ni kumbukumbu ya misimu ya karibu miaka 40. Nyumba salama ya Mugumu, ambayo Rhobi Samwelly aliiongoza tangu ilipofunguliwa mwaka 2014, imepokea wasichana wengi waliokimbia kukeketwa. Aliyeokolewa mwaka huo akiwa na miaka 13 alikuwa na miaka 21 utafiti ulipofanyika. Kazi ya nyumba ile ingeweza kuonekana tu kwa wasichana wa rika lake na wadogo zake, nao ni sehemu ndogo ya sampuli. Mfadhili anayeuliza kwa nini asilimia ya mkoa haijaporomoka anauliza swali ambalo kipimo chake hakiwezi kulijibu. Mimba za utotoni ni tofauti: zinapimwa kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 pekee, hivyo hujibu upesi. Mara ilikuwa na asilimia 37 mwaka 2015/16, na 31 mwaka 2022.

Umri wa kukeketwa nao unadai sera tofauti. Katika utafiti wa 2015/16, zaidi ya theluthi moja ya wanawake waliokeketwa nchini walisema walikeketwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Huo si utaratibu wa Tarime. Kwa Wakurya binti hukeketwa akikaribia kuvunja ungo au baada yake, kwa msimu unaotangazwa na wazee wa mila, inchama, mara nyingi Desemba shule zinapofungwa, na kwa koo nyingi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ndiyo maana kambi za kuwahifadhi wasichana mwezi Desemba, kama ile ya Masanga, zina mantiki Tarime: msichana ana akili yake, ana miguu ya kukimbilia, na tarehe ya hatari inajulikana. Mikoani ambako anayekeketwa ni mtoto mchanga kambi haina maana yoyote. Kule mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto ndiye anayeweza kuona. Mkakati mmoja wa taifa unaotaka shughuli zilezile kila mahali unakuwa umesoma jumla na kuacha majedwali ya ndani.

Halafu kuna hofu ya sheria. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Sheria ile ni nzuri, nami ningetaka iende mbali zaidi imlinde pia aliyevuka miaka 18. Hata hivyo imebadilisha uzito wa swali. Mgeni mwenye kishikwambi anapokuuliza kama binti yako amekeketwa, anakuuliza pia kama wewe ni mhalifu. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro uliolinganisha majibu ya wanawake na uchunguzi wa kitabibu, na haukukuta vinalingana kila mara. Kwa hiyo asilimia inaposhuka baada ya sheria kukazwa, sehemu ya mteremko inaweza kuwa mabadiliko ya kweli na sehemu nyingine ukimya. Mpaka nao una habari yake. Wakurya wako pande zote mbili, Tarime na Kuria ya Kenya, na binti anaweza kuvushwa Sirari asubuhi na kurudishwa akiwa ameshakeketwa. Kila nchi humhesabu anayelala upande wake.

Nataka nikae kidogo kwenye dodoso lenyewe, maana watu wa fani hii hupenda kuruka kutoka kwenye sampuli hadi kwenye majedwali wakasahau kwamba katikati kuna watu wawili wameketi kwenye vigoda. Mdadisi huanza kwa kuorodhesha wanakaya: nani mkuu wa kaya, na kila mmoja ana uhusiano gani naye. Chukua mji wa nyumba ntobhu, ndoa ya Kikurya ambapo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe kumwoa mwanamke kijana, ili watoto atakaowazaa waendeleze nyumba yake. Mkuu wa kaya ni mama mzee. Yule kijana ni nani wake? Mke, lakini mwongozo wa mdadisi haukumtarajia. Akimwandika mkwe, ndoa imefutika. Akimwandika mtu asiye na undugu, amefuta zaidi. Ukifika kwenye sehemu ya ukatili wa majumbani, maswali mengi ni kuhusu mume au mwenza wa kiume, na mwanaume aliyemzalisha hakai hapo, hana sauti hapo, pengine hata jina lake halitajwi. Mdadisi mzuri ataandika maelezo pembeni. Mdadisi aliyechoka, mwenye kaya nyingine za kumaliza kabla ya giza, atachagua kisanduku kilicho karibu. Mezani kwa mchambuzi kaya ile itaonekana ya kawaida kabisa.

Je, pengo kati ya mkoa na halmashauri linazibika? Linazibika, na Tanzania imeshaonyesha njia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa mradi uliojulikana kwa kifupi TEHIP. Wahesabuji walikuwa wakizifuatilia kaya zilezile mwaka baada ya mwaka, wakiandika waliozaliwa na waliofariki, na wakiwauliza wafiwa dalili za ugonjwa. Ilionekana kwamba malaria ilikuwa ikichukua kama asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, huku ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Matokeo yalichorwa kwa michoro rahisi ambayo timu ya wilaya ingeweza kuielewa bila mtaalamu wa kigeni kukaa pembeni, na timu zikahamisha fedha zenyewe. Katika kipindi cha miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Mambo mengine yalichangia, lakini sijaona ushahidi mwingine wa hapa nyumbani unaoonyesha kwa uwazi namna hii wilaya ikisoma takwimu zake na kuzitii.

Mara ya pili ni malaria tena. Mwaka 2015 zaidi ya wanafunzi 49,000 wa shule za msingi walipimwa katika halmashauri za Tanzania Bara. Kiwango cha maambukizi kilitofautiana kutoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya 50, na mara nyingi halmashauri mbili za mkoa mmoja hazikufanana hata kidogo. Takwimu hizo, zikiunganishwa na za kliniki za wajawazito na za vituo, zimewezesha kila halmashauri kupangwa kwenye daraja lake la hatari, na mkakati wa taifa wa 2021 hadi 2025 ulijengwa juu ya madaraja hayo. Halmashauri yenye malaria kidogo haipewi tena mpango uleule wa ile inayoelemewa. Hakuna sababu ya kiufundi ya kushindwa kufanya hivyo kwa ukatili, lishe au afya ya uzazi.

Tahadhari moja niiseme haraka, kwa kuwa utakutana nayo kila mahali. Makadirio yana mipaka ya chini na ya juu. Utafiti wa 2010 ulitoa vifo vya uzazi 454 kwa kila vizazi hai 100,000, na wa 2015/16 ukatoa 556. Wengi walilia kwamba hali imezorota. Waliosoma mipaka waliona kwamba ya kwanza ilikuwa kati ya 353 na 556, ya pili kati ya 446 na 666. Zinaingiliana, kwa hiyo kuzorota hakukuthibitika. Mwaka 2022 makadirio yakawa 104, na kushuka kwa kiasi hicho ni habari nyingine: mipaka hiyo haiwezi kukumeza, na kunaambatana na ongezeko la wanaojifungulia vituoni kutoka asilimia 63 hadi 81. Anayefurahia 104 anapaswa kusoma mipaka yake kwa umakini uleule aliousoma nao 556.

Unaingia kwenye fani hii wakati mgumu. Mpango wa kimataifa uliofadhili tafiti za aina hii tangu miaka ya 1980 ulitegemea fedha za serikali ya Marekani, na mwanzoni mwa mwaka 2025 fedha hizo zilisitishwa. Wafadhili wengine wamejitokeza kuziba sehemu, lakini hakuna anayeweza kuahidi kwamba kila baada ya miaka michache mdadisi atabisha hodi kama ilivyokuwa. Wenzangu wengi wanalichukulia hili kama msiba. Mimi nalichukulia pia kama deni letu wenyewe. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo, unaolipa ushuru wa huduma na kuchangia miradi ya jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni sawa. Sehemu ndogo yake ingetosha kuhoji kaya za kutosha katika kila kata ya wilaya, kwa wadadisi waliozaliwa humohumo, wanaozungumza Kikurya na wanaojua nyumba ntobhu inaandikwaje. Serengeti, iliyozungukwa na utalii, ingeweza kujiuliza swali hilohilo. Sura zinazofuata zinaanza na namna ya kuchora sampuli ya wilaya moja, gharama zake na ukubwa wake, kwa kutumia Tarime kama mfano wa kufanyia hesabu.